Kabla ya chakra, tuanze na kipimo

Mhariri, wiki iliyopita mliuliza: kati ya maneno ya tiba mbadala na uponyaji wa kiroho yaliyojaa kwenye mabango siku hizi, ni lipi wasomaji wangetaka lifafanuliwe kwanza? Najua wengi watawaandikia kuhusu reiki na chakra. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii hapa Manyatta, Kisumu, na kazi yangu ni kuingia nyumba za watu. Neno linalonisumbua huko ni la kawaida kabisa: kipimo.

Kuna vijana huja na hema, meza na laptopu kwenye uwanja wa kanisa, wakitangaza kupima mwili mzima bila malipo. Unashikishwa kijiti cha chuma chenye waya uliochomekwa kwenye laptopu. Wanaandika jina lako, umri, urefu na uzito. Baada ya dakika moja hivi, mashine wanayoiita ya kwantamu inatoa kurasa kwa kurasa: figo, ini, mifupa, kolestro, hata "sumu mwilini". Damu haikutoka, mkojo haukuombwa. Halafu zinaletwa chupa za virutubisho vya kurekebisha kila kilichoandikwa kwa rangi nyekundu, na hapo ndipo mambo ya bure yanapoishia.

Dani mmoja, yaani bibi mzee, ninayemtembelea alirudi na karatasi zake, akaziweka chini ya godoro pamoja na kitambulisho. Nilipomuuliza, "Dani, dawa ya presha umemeza leo?" akanijibu, "Nyathina, mwanangu, presha walinipima kanisani, iko sawa." Nikamfunga mkono kwa mashine iliyo kwenye mkoba tuliogawiwa na serikali mwaka 2023. Ikasoma 172 kwa 104, juu mno. Alikuwa ametoa Sh6,500 kwa vidonge vya kusafisha damu, kazi ambayo figo na ini huifanya usiku na mchana bila kudai hata shilingi.

Presha inataka mkono ubanwe. Malaria inataka tone la damu kidoleni, na sukari vivyo hivyo. Yeyote anayedai kuyajua hayo kwa kukushikisha chuma, mwulize ameyapimaje. Hatakuwa na jibu, atakuwa na rangi na michoro.

Maneno mageni ndiyo hayanipi wasiwasi sana. Reiki ilianzishwa na Mjapani Mikao Usui mwaka 1922: mtu anakuwekea mikono, au anaiweka karibu nawe, akisema anapitisha nguvu ya uhai. Chakra ni vituo vya nguvu vya mwilini katika mafundisho ya kale ya Kihindi, na wengi huhesabu saba. Hakuna chombo kilichowahi kuipima nguvu hiyo. Lakini mtu akilala nusu saa mahali patulivu akaamka amepumzika, sioni kosa, mradi hajaambiwa aache dawa zake. Hata neno "holistiki", yaani kumtibu mtu mzima, mwili na roho, lina historia ya ajabu: mzizi wake ulitungwa na Jan Smuts, jenerali wa Afrika Kusini aliyewahi kupigana na Wajerumani upande wa Taveta mwaka 1916. Alilitumia katika kitabu cha falsafa cha 1926, wala hakuwa akiuza mafuta ya kupaka.

Homeopathi ni kisa kingine, kwa kuwa yenyewe inajivunia vipimo. Samuel Hahnemann, daktari Mjerumani, aliitangaza mwaka 1796: kinachomletea mzima dalili fulani kitamponya mgonjwa mwenye dalili hizo, kikizimuliwa vya kutosha. Ukiona 30C kwenye kichupa, maana yake ni dawa kuzimuliwa sehemu moja kwa mia, ikarudiwa mara 30. Mtoto aliyesoma kemia ya sekondari atakuambia kwamba baada ya mara 12 hivi hata molekuli moja ya dawa ni bahati kuipata. Unanunua maji, au sukari iliyonyunyiziwa maji.

Sasa mitishamba. Hapa siwezi kudharau, maana nimekulia humo. Nenda soko la Kibuye Jumapili uulize majani ya artemisia ya malaria, utauliziwa chombo. Muuzaji atakuambia hospitali wanatumia mmea huohuo, na hadanganyi. Tu Youyou, mwanasayansi wa China aliyekuwa akitafuta dawa ya malaria, alisoma maandishi ya tabibu Ge Hong wa karne ya 4: chukua konzi moja ya majani, loweka kwenye maji, kamua, unywe. Kulowekwa, bila kuchemshwa. Akashuku kwamba moto ndio ulioharibu dawa katika majaribio yao, akatumia etha inayochemka kwa joto dogo, na mwaka 1972 kundi lake likaipata artemisinini, dawa ya malaria iliyo ndani ya mmea huo. Alipewa Nobeli mwaka 2015.

Sisi tunachemsha. Na konzi ya nani? Jani la shamba moja halina nguvu sawa na la shamba jingine. AL, dawa ya malaria inayotokana na artemisinini, tunayotoa kwa mtu mzima ni vidonge 24 kwa siku tatu, vinne kila mara, na kila kimoja kina kiasi kilekile. Chai inaweza kushusha homa kidogo huku vimelea vikibaki, na vimelea vinavyoonjeshwa dawa haba hujifunza kuizoea. Shirika la Afya Duniani halikubali majani hayo yatumike kama tiba ya malaria, nami nasimama hapo, hata muuzaji akiwa shangazi yangu.

Limebaki jambo la chira, ambalo magazeti hupenda kulicheka. Kwetu Waluo chira ni ugonjwa unaompata aliyevunja mwiko wa nyumbani: anakonda, watoto wanakufa. Ukimwi ulipoingia ulikuja na sura hiyohiyo, na watu wengi walizikwa wakiwa wamekunywa manyasi, dawa za mitishamba za chira, tu. Hata leo nina nyumba ambamo manyasi na ARV, vidonge vya ukimwi, vinakaa rafu moja. Sipigani nao kuhusu mwiko. Hayo ni maongezi ya wazee, na mara nyingine yamewapatanisha ndugu waliokuwa hawasalimiani. Ninachoomba ni mgonjwa amwambie mhudumu wa kliniki anakunywa nini na kiasi gani, maana mizizi mingine inagongana na dawa. Wengi hawasemi kwa sababu waliwahi kufokewa mbele ya foleni. Kliniki ikianza kuuliza kwa upole, itaambiwa.