Geuza swichi usome mgongo wake

Wewe uliyeanza kazi ya stima juzi, fundi wako akikutuma River Road, Nairobi, ukanunue swichi za taa, usichague kwa uso unaong'aa wala kwa bei. Igeuze. Mgongoni utakuta maandishi kama 10AX 250V~. 10 ni ampea, 250 ni volti, na stima yetu ya nyumbani ni volti 240, kwa hivyo hapo uko sawa. Hiyo X ndiyo wengi huiruka, na mimi naijali sana.

Niliwahi kuitwa kwenye karakana ya useremala kule Kariobangi. Tyubu 12 za futi nne, wati 36 kila moja, zote kwenye swichi moja. Mwenyewe alilalamika kwamba swichi inanuka, na kuna jioni anaizima lakini taa hazizimiki. Nilizima swichi kuu, nikapima kwa testa, nikafungua. Plastiki ya nyuma ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya rangi, na vile vipande viwili vinavyogusana ndani vilikuwa vyeusi, vimenatana kama vilivyochomelewa.

Aliyeifunga alihesabu wati: 12 mara 36 ni 432, gawanya kwa 240, unapata ampea 1.8. Swichi ilikuwa ya ampea 6, basi akaona nafasi tele. Ila tyubu ya kizamani ya choki, ile koili inayodhibiti stima ya tyubu, haifuati hesabu hiyo. Moja huvuta kama ampea 0.43, kwa hivyo zote 12 zilikuwa zikivuta zaidi ya 5. Tena kila ukizima, choki hurudisha msukumo wa volti na cheche inaruka ndani ya swichi. X maana yake swichi imepimwa kwa mzigo wa tyubu za namna hiyo. Isipokuwa na X, mzigo wa tyubu uhesabie nusu tu ya ampea zake: ile ya 6 ilifaa ampea 3. Niliweka mbili za 10AX, tukagawa tyubu sita sita.

Utaniambia siku hizi watu wanaweka LED. Kweli, hata balbu kumi za wati 9 hazifiki ampea moja. Lakini balbu hizo zina kapasita ndani, yaani kijifaa kinachojaza chaji, na kwa kitambo kifupi mno unapowasha huvuta mara nyingi kuliko kawaida yake. Ukiwa na dari yenye taa 40 za kupachika, usizirundike kwenye swichi moja ya bei ya chini.

Swichi haijilindi yenyewe, inalindwa na breka. Laini ya taa ya waya wa milimita mraba 1.5 huwa na breka ya ampea 6 au 10. Nimekuta nyumba za kupanga ambapo breka ilikuwa ikiruka, mtu akaweka ya 20, kelele zikaisha. Sasa swichi ya 10 itaungua kabla breka haijashtuka. Breka isizidi swichi, na ikiruka tafuta kinachoirusha.

Shawa ya stima si taa, usithubutu kuipa swichi ya taa. Ya wati 5500 inavuta ampea 23 hivi. Ipe swichi yake ya ampea 45 inayokata laivu, waya unaoleta stima, na nyutro, waya wa kuirudisha, pamoja. Ya taa hukata laivu, na ukikosea ukakata nyutro, taa itazimika huku kishikio cha balbu kikiwa bado na stima ya kumrusha mtu.

Na ukipata kazi ya sola ya volti 12, usidhani swichi ya ukutani itafaa kwa sababu volti ni ndogo. Stima ya kawaida hushuka hadi sifuri mara 100 kwa sekunde, na hapo cheche hupata nafasi ya kufa. Ya betri haishuki, cheche inaendelea kula shaba. Muulize muuzaji swichi iliyoandikwa DC, yaani ya stima kama hiyo ya betri, kisha uigeuze usome mwenyewe.