Kwa nini boti ya mbio ya miguu miwili hupaa na kupinduka?

SWALI: Assalaam alaykum mhandisi. Mimi ni nahodha wa boti ya watalii hapa Nungwi, kazi yangu kupeleka wageni kisiwa cha Mnemba. Kwenye simu nimeona mbio za katamarani za mashine, yaani boti zenye miili miwili myembamba tunayoiita miguu, huko Ulaya na Marekani, zinakwenda zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Moja ikanyanyua omo, yaani mbele yake, ikasimama wima, ikaangukia mgongo. Sisi tumefunzwa kwamba chombo kipana hakipinduki, ndiyo maana ngalawa ikawekewa matengo, zile mbao za ubavuni. Sasa hii, na upana wote ule, inapindukaje, tena kwa nyuma? Mbona boti za abiria ziitwazo Kilimanjaro, za kwenda Dar, nazo zina miguu miwili na hazifanyi hivyo? Nauliza kwa sababu nataka kuunda boti ya fiba ya miguu miwili, mita 9, mashine mbili za farasi 40 kila moja. Nataka iwe na mbio.
– Nahodha, Nungwi

JIBU: Wa alaykum salaam, nahodha. Matengo ya ngalawa yanazuia chombo kisilale ubavu, na kwa kazi hiyo hayana mfano. Hayakuwekwa kuzuia omo isipande ikapita juu ya tezi, yaani nyuma ya chombo, kwa sababu mtumbwi haufiki kasi ya kuogopa jambo hilo. Boti uliyoiona ilipinduliwa na hewa. Wimbi lilianzisha tu ule mnyanyuko wa kwanza.

Tazama ile nafasi iliyo kati ya miguu miwili. Ni handaki. Kulia na kushoto kuna kuta za miguu, juu kuna sakafu ya boti, chini kuna maji. Mdomo wake wa mbele ni mkubwa, wa nyuma umebanwa. Boti ikikimbia, hewa inaingia kwa wingi na kutoka kwa tabu, basi inajazana humo ndani na kuisukuma sakafu juu. Bawa la ndege hupoteza sehemu ya nguvu zake kwenye ncha, ambako hewa huvuja kutoka chini kwenda juu. Handaki hili lina kuta, halivuji kirahisi hivyo. Waundaji wanalitaka makusudi: kila kilo inayobebwa na hewa ni kilo ambayo maji hayaibebi, na maji ndiyo yanayokamata chombo kisikimbie, kwani ni mazito kuliko hewa mara 800 na zaidi.

Sasa tupige hesabu, maana hapa ndipo swali lako la Kilimanjaro linapojibika. Nguvu ya hewa haipandi sawa na kasi. Inapanda kwa kasi ikizidishwa kwa yenyewe. Ukitoka kilomita 80 kwa saa kwenda 160, nguvu imekuwa mara nne. Ukifika 240, mara tisa. Hewa ya kilomita 250 kwa saa ikizibwa isipite kabisa, kila mita moja ya mraba inasukumwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 300. Handaki lenye sakafu ya mita za mraba 20 lingeweza, kwa hesabu hiyo ya juu kabisa, kunyanyua tani 6. Hewa haizibwi yote, kwa hiyo hufiki huko, lakini hata ukipata nusu yake ni jambo zito: boti za Class 1, daraja la juu la mbio hizi chini ya shirikisho la kimataifa UIM, zina urefu wa mita 12 hadi 14 na uzito wa karibu tani 5 tu, na mashine mbili ambazo kila moja ina nguvu za farasi 850 au zaidi.

Chukua boti ya abiria inayokwenda maili 30 za bahari kwa saa, yaani kilomita 55 hivi. Kwa kasi hiyo kila mita ya mraba inapata kilo 14 tu. Chombo chenyewe kina uzito wa tani nyingi sana, na abiria na mizigo juu yake. Hewa inaigusa tu, haiinyanyui. Miguu miwili ya boti ya abiria imewekwa kwa sababu nyingine: miguu myembamba inapasua maji kwa mawimbi madogo, na umbali baina yao unakupa sitaha pana na utulivu. Umbo moja, kazi mbili tofauti kabisa.

Turudi kwenye kupinduka. Uzito wa boti ya mbio umekaa nyuma, kwenye mashine. Nguvu ya hewa inakaa mbele ya kitovu cha uzito huo. Maadamu visigino vya miguu vinagusa maji, mambo yako sawa, kwa sababu maji na propela vinanyanyua tezi na kuilazimisha omo ishuke. Lakini wimbi likiirusha boti mzima mzima, kile kilichokuwa kinaishika kimeondoka. Omo ikipanda kidogo, mdomo wa handaki unafunguka zaidi, unameza hewa zaidi, omo inapanda zaidi. Ndege ikinyanyua pua ina mkia wa kuirudisha. Boti hii haina mkia wa maana, ingawa nyingine huwekewa bawa dogo nyuma. Ikishavuka pembe fulani hakuna mtu wala kompyuta ya kuirudisha. Ni suala la sekunde moja au mbili.

Upepo nao unaingia kwenye hesabu hiyo hiyo, na wewe wa Nungwi utanielewa upesi kuliko mtu wa bara. Boti inakwenda 220, kusi ya kilomita 30 kwa saa inaipiga usoni: kwa hewa, boti hiyo inakwenda 250. Mnyanyuko umeongezeka kwa karibu asilimia 30, na saa ya kasi haijasogea. Ikigeuza ikaenda na upepo, mnyanyuko unapungua, miguu inakaa zaidi majini, mbio zinashuka. Ndiyo maana kila upande wa njia ya mashindano una mpangilio wake. Wanabadilisha pembe ya propela, wanashusha au kupandisha vibao vya nyuma vya kurekebisha mkao wa boti, na boti nyingine zina tangi la farumi, yaani la uzito wa kutuliza chombo, kwenye omo, linajazwa maji ya bahari siku ikichafuka.

Kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Ndani mna wawili, bega kwa bega. Mmoja kashika usukani, macho yake mbele. Mwenziwe hashiki usukani kabisa. Mikono yake iko kwenye vishikio vya kuongeza na kupunguza mafuta, na kwenye vibao. Watazamaji humsifu wa usukani, lakini mimi nikiulizwa nani anaendesha ile boti, nitakuonesha wa mafuta. Kwa kilomita 200 kwa saa unakwenda mita 55 kila sekunde. Mawimbi yakipishana mita 10, unakutana na zaidi ya matano kwa sekunde, na boti inagusa vichwa vyake tu. Humo ndimo utamu ulimo, na ndimo mtu anapojifunza kusikia kwa mgongo: yule wa mafuta anapaswa kujua propela imetoka majini kabla sikio halijapata habari.

Wewe unalijua tatizo hili kwa udogo. Mashine yako ya 40 ikiruka juu ya wimbi inapiga kelele ghafla, kwa sababu propela haina maji ya kusukuma. Ukiiacha vile, itarudi majini ikizunguka kwa nguvu zote, na gia ndizo zitakazolipa. Katika boti ya farasi 1,700 kosa hilo linavunja shafti. Basi yule wa mafuta anapunguza boti ikipaa, anarudisha inapotua, tena na tena, mbio nzima. Akipunguza mno, omo itadondoka na kuchoma kwenye wimbi linalofuata. Maji kwa kasi hiyo hayana huruma: mita 55 kwa sekunde ni mgandamizo wa tani 160 hivi kwa mita ya mraba pale maji yanaposimamishwa uso kwa uso.

Propela za boti hizi za mbio ni za aina yake. Zinafanya kazi nusu majini, nusu hewani. Propela ya kawaida ikizungushwa kwa kasi kubwa mno, maji nyuma ya mapanga yake huchemka kwa kukosa mgandamizo, na mapovu yale yakipasuka yanakula chuma. Hizi zinaruhusu hewa iingie nafasi ile makusudi, kwa hiyo chuma hakiliwi, na shafti na mkono wake haviburutwi majini. Kwa boti yako sikushauri. Kwa mwendo mdogo hazina nguvu, na ukiwa na wageni 12 unatoka ufukweni unahitaji nguvu ya mwanzo kuliko kasi ya mwisho.

Usidhani katamarani ndiyo bora kila mahali. Mwaka 1960 Richard Bertram alishinda mbio za Miami hadi Nassau kwa boti Moppie, ya mwili mmoja, iliyochorwa na Ray Hunt kwa tumbo la V kali kutoka omo hadi tezi. Bahari siku ile ilikuwa chafu, na tumbo lile lilikata mawimbi pale ambapo wengine walikuwa wanayapiga. Hadi leo, bahari ikichafuka kweli, V bado ina hoja. Katamarani inashinda maji yakiwa na mawimbi ya wastani, hewa ikapata nafasi ya kufanya kazi.

Watu wamekufa hadi kanuni za usalama zikafika zilipo. Stefano Casiraghi, bingwa wa dunia wa 1989, alifariki tarehe 3 Oktoba 1990 karibu na Monaco, katamarani yake ilipopinduka akitetea taji lake. Mwenziwe alirushwa nje akanusurika. Siku hizi wawili wale wanakaa ndani ya kasha gumu la nyuzi za kaboni lenye kifuniko kama cha ndege ya kivita, wamefungwa mikanda, wana chupa za hewa, na sakafuni kuna mlango wa kutokea, kwa sababu boti ikipinduka sakafu ndiyo inayotazama juu. Kabla ya kushindana hufungwa kwenye kiti, hupinduliwa ndani ya bwawa, na hutakiwa kutoka wenyewe.

Sasa boti yako. Kwa mashine mbili za 40 na abiria, mnyanyuko wa hewa usahau. Kwa kilomita 40 kwa saa unapata kilo 7 au 8 kwa mita ya mraba. Handaki kwako lina kazi moja, kupitisha mawimbi. Ukiliweka chini, kaskazi na kusi zote zitakupiga ngumi sakafuni na wageni watashuka Mnemba wameshika viuno. Liinue kadiri mizani ya chombo inavyoruhusu, na hesabu urefu huo boti ikiwa imepakia watu wote, kwa sababu miguu myembamba huzama upesi kwa kila kilo unayoongeza.

Mashine usizifunge katikati. Maji yanayotoka kwenye handaki yamejaa hewa, propela itateleza na utadhani mashine ni mbovu. Kila mashine ikae nyuma ya mguu wake.

Na ninaloliogopea zaidi ni boriti za kuunganisha miguu. Mguu wa kulia unapanda wimbi, wa kushoto unashuka, boti inajisokota kila sekunde kwa miaka. Katamarani za kienyeji ninazoletewa zimepasuka, nyingi zimepasukia hapo, kwenye kona ambapo sitaha inakutana na ukuta wa mguu. Fundi asiiache kona ile na pembe kali. Aitie duara, na aongeze matabaka ya fiba yaliyolala mshazari, si mkeka mtupu. Pia zingatia kwamba katamarani haiinami ndani inapokata kona, inabaki bapa, na abiria aliyesimama atarushwa nje. Wote wakae.

Kabla ya kununua hata ndoo moja ya rezini, peleka mchoro Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar. Kurekebisha karatasi ni rahisi kuliko kukata fiba iliyokauka. Nami nitumie upana wa kila mguu, kimo cha handaki, uzito wa mashine na idadi ya watu unaotaka kupakia, nikupigie hesabu ya maji yatafika wapi.