Kinasi ni mdudu gani, na kwa nini shemeji asiache vidonge?

SWALI: Shikamoo daktari. Shemeji yangu tunaishi naye hapa Mbagala. Mwaka jana alivimba bandama, vipimo vikaonyesha saratani ya damu iitwayo CML. Nilidhani atatundikiwa dripu za kemo kama jirani yetu, kumbe kapewa vidonge vya imatinibu tu, anameza kila siku. Tuliambiwa "vinazuia kinasi". Sasa tumbo limerudi kawaida, damu iko sawa, naye anasema dozi imetosha. Hiyo kinasi ni mdudu gani? Na kwa nini dawa haina mwisho kama ya malaria?

JIBU: Marahaba. Asiache. Mimi ni mfamasia, si daktari anayemtibu, lakini hilo nalisema kwanza ili usije ukaishia njiani kusoma ukalikosa.

Kinasi si mdudu, wala haikutoka nje. Ni kimeng'enya cha mwili wenyewe, yaani protini inayoharakisha kazi za kikemia, na binadamu anazo aina zaidi ya 500. Zote zina kazi moja: kunyofoa fosfeti kutoka kwenye ATP, kemikali inayobeba nishati ya seli, na kuipachika kwenye protini nyingine. Fosfeti ina chaji hasi, kwa hiyo protini iliyopachikwa hubadilika umbo. Iliyolala huamka, au iliyokuwa kazini husimama. Vimeng'enya vingine, fosfatesi, huja kuibandua. Mfikirie konda anayegonga bodi ya daladala: hasemi neno, lakini dereva anajua aondoke au asimame. Edmond Fischer na Edwin Krebs waliligundua jambo hili huko Seattle katika miaka ya 1950, wakichunguza misuli ya sungura. Tuzo ya Nobel waliipata mwaka 1992, Kamati haikuwa na haraka.

Chukua mfano. Bodaboda imekukosakosa Kariakoo, adrenalini imemwagika. Adrenalini yenyewe haiingii ndani ya seli za ini. Inagusa kipokezi kilicho kwenye utando, na ndani kinatengenezwa kijumbe kiitwacho cAMP. Hicho kinaamsha kinasi A, nayo inaamsha kinasi ya pili, na hiyo ya pili inaamsha kimeng'enya kinachovunja glikojeni, yaani akiba ya sukari, hadi sukari inaingia kwenye damu. Utauliza, mbona mzunguko wote huo? Kwa sababu kila kinasi iliyoamka hupachika fosfeti kwenye protini nyingi kabla ya kulala, kwa hiyo adrenalini kiduchu inaleta sukari nyingi ndani ya muda mfupi. Na kila hatua ni mahali ambapo seli inaweza kufunga breki. Insulini nayo ina mnyororo wake: kipokezi chake chenyewe ni kinasi, na mwishoni vibeba-glukosi hupanda kwenye utando wa seli za misuli kuchukua sukari. Mnyororo huo ukiwa mzito kuitikia, kisukari cha aina ya 2 kiko njiani.

Sasa shemeji. Kwenye seli moja tu ya uboho wake, kipande cha kromosomu (kifurushi cha jeni) ya 9 na kipande cha kromosomu ya 22 vilibadilishana mahali. Kromosomu fupi iliyobaki ilionwa kwanza mwaka 1960 mjini Philadelphia, ikabaki na jina la mji huo. Mtafiti Janet Rowley ndiye aliyeonyesha mwaka 1973 kwamba ni mabadilishano. Shemeji hakurithi hilo, na watoto wake hatawarithisha. Mabadilishano hayo yaliunganisha jeni mbili, BCR na ABL. ABL ni kinasi ambayo kwa kawaida ina sehemu ya kuizuia. Ikiunganishwa na BCR, kizuizi hakifanyi kazi tena: inapachika fosfeti usiku na mchana, ikiamrisha seli igawanyike na isife. Ndiyo maana chembe nyeupe zilifurika na bandama likajaa.

Imatinibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, inakaa ndani ya kishimo cha kinasi hiyo, pale ambapo ATP ingekaa. Bila ATP hakuna fosfeti ya kupachika. Katika utafiti mkubwa uliofuatilia walioanzishiwa dawa hii, takriban 83 kati ya 100 walikuwa hai baada ya miaka 10. Kwa ugonjwa huu, hayo ni mafanikio makubwa sana.

Lakini angalia dawa inafanya nini hasa. Dawa ya malaria inaua vimelea, vinaisha. Imatinibu haitengenezi kromosomu. Inakalia kishimo, na mwili unaiondoa kila siku. Seli chache zenye BCR-ABL hubaki zimejificha kwenye uboho hata damu ikiwa safi. Akiacha, vishimo vinabaki wazi. Akimeza leo na kuruka kesho, anazipa seli nafasi ya kuongezeka, na miongoni mwao inaweza kutokea yenye kishimo kilichobadilika kiasi kwamba dawa haikai tena.

Wapo wanaoruhusiwa kuacha, baada ya miaka kadhaa ya matibabu na kipimo cha PCR, kinachopima BCR-ABL hata ikiwa kidogo sana, kuonyesha kwamba BCR-ABL imeshuka sana kwa muda mrefu. Hata hao hupimwa mara kwa mara, na karibu nusu ugonjwa hurudi, mara nyingi ndani ya miezi sita ya kwanza. Picha ya damu ya kawaida haitoshi kuamulia hilo. Aulizie PCR.

Vidonge ameze na chakula na glasi kubwa ya maji. Macho yakivimba asubuhi au misuli ikikaza, amweleze daktari, asijipunguzie dozi. Juisi ya balungi aiache, na zile chupa za "kusafisha damu" zinazopigiwa kipaza sauti sokoni asizijaribu kabisa.

Kubwa zaidi kwa hapa kwetu ni TB. Rifampisini, dawa ya TB, hulichochea ini kuivunja imatinibu haraka, na kiwango chake kwenye damu hushuka sana. Siku akikohoa akapelekwa kliniki ya TB, boksi la imatinibu aende nalo mkononi.