Kwa Upendo, kuhusu ile shukrani

Marahaba, mwanangu. Ujumbe wako niliusoma Jumanne ndani ya daladala, nikausoma tena nyumbani nimevaa miwani, maana mara ya kwanza nilidhani macho yamenidanganya. Unauliza niliwezaje, mwaka ule, kusimama mbele ya usharika nikamshukuru Mungu kwa mafuriko, ili na wewe uweze kumshukuru kwa ugonjwa wa figo wa mumeo Elia, kama wanavyokuhimiza huko jumuiya. Nakujibu kwa kalamu, mdogo wako ataipiga picha barua akutumie. Ile simu yangu ikiona maneno mengi inajitungia yake.

Kusimama ni rahisi, Upendo. Mzee wa kanisa anakufuata Ijumaa, anakwambia watu wamevunjika moyo, wanataka kumsikia mtu aliyepoteza vitu akabaki na imani. Unapiga pasi shati, unasimama. Kinachonisumbua ni nilichosema, na huwa kinanijia nikiwa kwenye cherehani, hasa nikishona pindo refu.

Wewe ulikuwa Lushoto kwa shangazi yako. Ilikuwa Desemba 2011, siku ya 11 tangu sherehe za miaka 50 ya Uhuru, na mezani nilikuwa na Krismasi ya mtaa mzima: gauni za watoto, suti mbili za bwana harusi na mpambe wake, na kitenge cha kijani cha kwaya ya akina mama, doti kwa doti. Walisema baadaye mvua kama ile haikuwa imenyesha Dar tangu 1954. Mimi nilichoona ni Mto Msimbazi umehama bondeni umekuja kulala chumbani kwetu. Tulitoka na mdogo wako mabegani, mama yako na beseni la vyeti kichwani. Vitambaa vyote vikaenda. Cherehani niliikuta siku ya nne, kichwa kimezama kwenye tope hadi gurudumu. Nikakiloweka kwenye mafuta ya taa usiku kucha, nikakifungua skrubu moja moja, nikakitia oili, na kilipozunguka nilipiga ukelele, wenzetu tuliolala nao kwenye lile darasa la shule tulikohifadhiwa wakadhani nimeona nyoka! Mpaka leo nikiukumbuka mlio ule nacheka peke yangu.

Basi Januari nikasimama. Ulikuwa umesharudi, umekaa na kwaya ya vijana, ndiyo maana ulinisikia lakini uso wa mama yako hukuuona. Nilisema, "Namshukuru Mungu kwa mafuriko, maana yamenifundisha." Vigelegele. Nikageuka kumwita mama yako aje tusimame pamoja, kama ilivyo desturi. Hakuinuka. Alikaza macho kwenye mkoba wake kama anatafuta sarafu ya sadaka.

Usiku akaniambia neno moja: "Spika ya kanisa inaelekea kwa kina Mama Side."

Side yule yule, kaka yako wa kuendesha baiskeli. Maji yalimchukua kwenye kivuko usiku ule ule uliopotea vitenge vyangu. Arobaini yake haikuwa imefika, na mama yake alikuwa amehifadhiwa kwa dada yake, nyumba ya tatu kutoka kanisani. Nami nimeshukuru kwa maji hayo, kwa kipaza sauti.

Nilijitetea, unanijua. Nikafungua Wathesalonike wa kwanza, sura ya tano: "shukuruni kwa kila jambo." Mama yako akafunga taa. Ilinichukua miezi kumuuliza mwinjilisti wetu, yule aliyesoma Kigiriki chuoni, akanieleza kwamba neno la Paulo pale ni "katika". Katika kila jambo. Hiyo "kwa" ya kwetu inabeba mizigo miwili, nami nikautwaa usio wangu. Nilifurahi siku ile kama nimelipwa deni! Tangu hapo ndiyo mnanisikia nikisema, hadi mnachoka: Mungu asisingiziwe.

Lakini nisikufiche. Nilimuuliza pia kuhusu Waefeso, sura ya tano, panaposema kumshukuru Mungu "kwa mambo yote". Akacheka, akasema hapo Kigiriki chenyewe ni "kwa ajili ya". Kwa hiyo sina pa kujificha. Wenzako wa jumuiya wana mstari wao, nami nina wangu, na wote ni wa barua za Paulo.

Kuna jingine ambalo hata mama yako sijamsimulia vizuri. Nilizoea kuomba kama mtoto aliyetumwa dukani na karatasi: afya, ada, wateja, mvua ya babu yako kule Lushoto. Usiku mmoja mle darasani, watu wamelala juu ya madawati, mwingine anakohoa, mwingine anaswali taratibu pembeni, ile karatasi haikuja. Nilisema "Bwana", nikaishia hapo. Na ule ukimya ulikuwa na Mtu ndani yake. Sijui nikuelezeje. Sijaupata tena hivyo, hata huku Mabwepande tulikogawiwa viwanja, penye utulivu na popo.

Kwa hiyo nilipata kitu, siwezi kukikana. Ukiniuliza kama ningekubali kukinunua tena kwa bei ile, nasema hapana, upesi. Halafu nasita. Halafu nasema hapana tena, kwa sababu bei ile sikuilipa peke yangu. Mimi nililipa vitambaa, jirani yangu alilipa mtoto. Nikisema Mungu alifurisha mto ili fundi cherehani ajifunze kuomba, nimesema nini juu ya Side? Mungu asisingiziwe.

Kwa Mama Side nilikwenda, kama wiki mbili baadaye. Alinimiminia chai ya rangi, tukazungumzia bei ya saruji. Kama alisikia ile spika sijui. Sijauliza, na sasa miaka imepita ni majirani tena huku, nitauliza vipi? Nguo zake namshonea bure. Mwanzoni aliuliza kwa nini, siku hizi analeta tu dera, ananiangalia, anaondoka.

Sasa wewe na Elia. Kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, nauli, bili, mtoto shuleni, halafu mtu anakuja na biskuti kukwambia ushukuru kwa hilo. Mwambie baba yako anasema ule mwiba mwilini, Wakorintho wa pili sura ya 12, Paulo alianza kwa kuomba uondolewe. Mara tatu. Ya kujisifia udhaifu yalikuja baada ya kujibiwa, na aliyasema mwenyewe, hakusemewa na jumuiya. Wewe bado uko kwenye kuomba uondolewe. Omba hata mara 300.

Na kama ugonjwa huu una maana yoyote? Unanijua, sikosi la kusema, na hapa ninalo kabisa, limekaa ulimini. Niliandika mistari miwili nikaifuta. Usihangaike kuikuza picha, nimeikata vizuri.

Kitenge cha kwaya nilimaliza kukilipa 2013, doti ya mwisho kwa mama mmoja aliyesema alishasahau. Alikuwa hajasahau.

Mama yako ameisoma barua hadi hapa. Hajasema kitu kuhusu yale ya darasani. Ameuliza tu siku za Elia ni zipi, Jumatatu na nyingine zipi, maana anataka kupanda basi la Mwanza aje awe anakwenda naye hospitali yeye, wewe siku hizo ulale.

Baba yako