Muulize Anko: Kule Eshaness ukingo hauna uzio

Toleo lililopita niliandika aya tatu tu kuhusu Eshaness, ile rasi ya majabali iliyo kaskazini magharibi mwa visiwa vya Shetland huko Skotilandi, nikidhani najazia ukurasa, kumbe nimewasha moto, barua zimekuja hadi mhariri akaniuliza kama nimeanza kuuza tiketi. Nimechagua chache. Na kwa yule wa Umoja aliyeuliza, ndiyo, kile kidole kwenye picha ya mnara wa taa ni changu.

*Anko salama? Dadangu ni nesi huko Aberdeen na amenialika Julai, wiki mbili. Yeye anataka kunizungusha maduka lakini tangu nione picha yako sina raha. Kufika huko ni safari ya siku moja ama nitamsumbua mwenyeji? Na viza ni nyingine?* (Wa South B)

Siku moja haitoshi, wacha nikwambie mapema usije ukagombana na dadako. Viza ni ileile ya Uingereza, Shetland ni Skotilandi na Skotilandi bado iko ndani ya Uingereza, hakuna muhuri mwingine. Kutoka Aberdeen unapanda feri jioni, unalala humo, unashukia Lerwick kesho yake asubuhi kama saa moja unusu, kama basi la usiku la Mombasa tu, ila hili linayumba na hakuna wa kukuuzia mahindi dirishani. Siku zingine inapitia Kirkwall kule Orkney kwanza, hiyo inatoka mapema zaidi, kwa hivyo angalia ratiba kabla hujaaga.

Kutoka Lerwick mpaka Eshaness ni kama kilomita 60. Wanaendesha kushoto kama sisi, na leseni yetu mgeni anaruhusiwa kuitumia mpaka miezi 12, lakini kampuni za kukodisha magari zina masharti yao ya umri na miaka ya leseni, uliza kwanza. Huko mbele barabara inakuwa ya gari moja, yenye vijisehemu vya kupishana, unaingia kando mwenzako apite, anakupungia mkono, nawe unapunga. Mwenye amezoea kutanua Jogoo Road atateseka kidogo.

Njiani utapita Mavis Grind. Simama hapo hata dakika tano. Nchi kavu imebanwa ikawa kashingo tu, upande mmoja bahari ya Atlantiki, upande wa pili Bahari ya Kaskazini, na wenyeji husema mtu mwenye mkono mzuri anarusha jiwe kutoka bahari moja mpaka nyingine. Mimi jiwe langu liliangukia barabarani.

Panga siku mbili au tatu, na mchukue dadako naye, nesi anahitaji hewa. Julai mwanga haukuishii, mwezi wa sita jua linachomoza kabla ya saa kumi alfajiri na kuzama saa nne na nusu usiku, na hata baada ya hapo giza halikazi, linakuwa tu kama maghrib iliyosahau kuisha.

*Anko, mimi nina swali la uchungu. Mzee wangu akiona ukingo wowote anataka kupiga selfi, hapo Ngong Hills alinitia jasho, sasa ameona picha yako na ameanza kuweka akiba. Huko kuna vyuma vya kuzuia watu? Kuna askari?* (Mama wawili, Donholm)

Mama, hakuna. Hakuna geti, hakuna tiketi, hakuna askari wa kupuliza filimbi. Skotilandi ina sheria ya mwaka 2003 inayompa kila mtu haki ya kutembea karibu popote mradi asiharibu, aache mageti ya kondoo kama alivyoyakuta na asisumbue mifugo, kwa hivyo unaegesha gari pale kwenye mnara wa taa na hatua chache mbele yako nyasi zinaisha, basi. Pale taa imesimama ni kama mita 60 juu ya maji. KICC ni mita 105, sasa chukua zaidi ya nusu yake, toa lifti na ukuta, weka bahari chini.

Tena genge la bahari (genge la mwamba, si lile la vijana) linadanganya. Kondoo wamekula nyasi mpaka zimekuwa fupi laini kama kapeti ya sebuleni, zinakuita uje mpaka mwisho, na huoni kwamba chini ya hiyo kapeti mawimbi yamekula mwamba kwa ndani, au ndege na sungura wamechimba mashimo. Nyasi zikilowa ni sabuni.

Lakini la kumwambia mzee hasa ni upepo, kwa sababu wengi tunaogopa upepo wa kutusukuma kuelekea baharini na ule kweli ukivuma usikaribie kabisa, ila mimi ulionifundisha adabu ni ule wa kutoka baharini. Nilikuwa nimesimama nimeukabili, unanisukuma nyuma, mwili bila kuniuliza ukaanza kuuegemea, nikawa nimeinama mbele kama mtu anayesukuma matatu iliyozima, raha mustarehe, halafu ukakatika. Ghafla tu. Nilipiga hatua mbili mbele nisizozipanga. Nilikuwa mbali na ukingo, ndio maana nakuandikia, lakini zile hatua mbili nilizihesabu usiku mzima. Tangu hapo kipimo changu ni matatu mbili za abiria kumi na nne zikipangwa mkia kwa pua, hapo ndipo nasimama na hapo ndipo napiga picha.

Na picha yenyewe nzuri haiko kwenye ukingo! Hili ndilo nataka mzee alisikie. Ukichungulia chini unaona povu na vidole vya miguu yako. Kaskazini kidogo ya mnara kuna ufa mkubwa bahari imeuchana ndani ya nchi, unaitwa Calder's Geo, ukisimama upande mmoja, nyuma kabisa, unaona ukuta wa ng'ambo wote, kuanzia nyasi mpaka maji, mweusi, wenye mistari ya zambarau na kutu, ndege wamejipanga kwenye vishubaka kama mashabiki wa terasi ya uwanja wa mpira. Jabali linatazamwa kutoka jabali la pili. Mwambie hivyo, na kama hasikii, wewe shika simu yake.

*Kwani Watamu imeisha?* (Wa Pipeline)

Haijaisha. Nenda Watamu.

*Mimi nafundisha jiografia. Umeandika kwamba hilo jabali ni volkano. Volkano ya wapi tena Uingereza? Wanafunzi wangu wamenibana.* (Mwalimu, Dagoretti)

Mwalimu, wanafunzi wako wana haki, lakini nami sikukosea. Mawe ya Eshaness ni lava na majivu ya volkano iliyowaka karibu miaka milioni 400 iliyopita, wakati hiyo ardhi hata haikuwa mahali ilipo leo, ilikuwa kusini ya ikweta. Ukiwapeleka Longonot wanatembea juu ya mdomo wa volkano na kuchungulia tundu. Kule Eshaness bahari imekata ubavu wa mlima kama mtu anavyokata keki ya harusi, wewe unaona matabaka: lava, juu yake majivu yenye mawe ndani, tena lava. Ndio maana rasi inapendwa na wanajiolojia.

Halafu waambie kuhusu Hole of Scraada. Unatembea malishoni, ukingo umeuacha nyuma, kondoo wanatafuna, mara ardhi imefunguka shimo refu na ndani yake kuna bahari, inaingia na kutoka ikinguruma. Maji yanapita chini kwa chini kwenye pango. Zamani yalikuwa mashimo mawili yenye daraja la mwamba katikati, daraja likaanguka mwaka 1873. Kaskazini zaidi kuna Grind o' da Navir, mlango mkubwa uliotobolewa na mawimbi kwenye ukuta wa mwamba, na nyuma yake kuna lundo la mawe ambayo dhoruba imeyang'oa na kuyatupa bara, yote hayo mita kama 15 juu ya usawa wa bahari. Si changarawe, mwalimu. Mengine hata wanaume wanne hawainui.

*Nataka kuona pafini, yule ndege wa mdomo wa rangi kama kasuku aliyevaa suti. Yuko hapo?* (Wa Kasarani)

Wapo wachache, lakini kama shida yako ni pafini, usiende Eshaness, nenda Sumburgh Head kule kusini karibu na uwanja wa ndege, pale wanatoka kwenye mashimo yao karibu na ukuta unaosimama wewe. Wanakuja Aprili, wanataga yai moja tu, na ikifika mwanzo wa Agosti wamerudi baharini, ukichelewa wiki moja umekosa. Ni wadogo kuliko unavyodhani, kama gramu 400, kuku wa kienyeji anamcheka.

Eshaness utakutana na fulma. Anafanana na shakwe, mpole, ameketi kwenye nyasi za ukingoni, nawe unajisemea nimsogelee. Usimsogelee. Fulma anayetamia anakutemea mafuta kutoka tumboni, yananuka kama soko la samaki lililokatiwa maji wiki nzima, na hayatoki, jaketi langu nilifua mara nne nikaishia kuliacha hosteli. Yupo pia bonxie, kahawia, mkubwa, anayelinda kiota kwa kukushukia kichwani, yeye dawa yake ni kuinua fimbo juu ya kichwa kwa kuwa analenga kile kilicho juu kabisa. Homa ya ndege ya 2022 iliwaua wengi mno, kwa hiyo akikufukuza, ondoka tu, usimpe kazi zaidi.

*Nguo je? Bajeti ni ya Gikomba.* (Wa Eastleigh)

Gikomba inatosha na inabaki. Julai kule mchana ni kama nyuzi 14, yaani ile baridi yetu ya Julai saa kumi na mbili asubuhi, ongeza upepo wa siku nzima. Tafuta koti la mvua lenye kofia ya kufunga kwa kamba, mavini (ile kofia ya sufu), na buti zenye meno chini. Koti ligeuze uangalie mishono kwa ndani, kama ule utepe wa kuzuia maji umeanza kubanduka, mrudishie muuzaji hata akikushushia bei. Mwavuli acha nyumbani, utaupoteza kabla hujaufungua vizuri.

*Hayo majina, Scraada sijui Navir, ni Kiingereza kweli?* (Wa Buruburu)

Si Kiingereza, ni mabaki ya Kinorse, lugha ya Waviking, maana visiwa vilikuwa vya Norwei kwa karne nyingi. Na vilivyotoka huko ni kisa cha mahari, utapenda. Mfalme Christian I wa Denmark na Norwei alikuwa akimwoza bintiye Margaret kwa James III wa Skotilandi, na kwao baba wa bibi arusi ndiye anayetoa, si kama kwetu. Hela hakuwa nazo. Mwaka 1468 akaweka rehani Orkney, mwaka 1469 akaongeza Shetland kwa florini 8,000. Hakuwahi kukomboa. Kwa hiyo ukisikia mjomba wako anasema mahari hulipwa kidogo kidogo, mwulize ana kisiwa.

*Anko, nauza dawa Githurai. Rafiki aliniambia huko kuna kaburi linalotaja mwenzetu. Ni utani?* (Mwenye chemist)

Si utani, liko makaburi ya Cross Kirk, hapohapo Eshaness, na hapo ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko hata kwenye majabali. Kwanza kalala pale John Williamson, aliyejulikana kama Johnny Notions, mtu asiyekuwa na shule ya maana, aliyechanja watu dhidi ya ndui mwishoni mwa karne ya 18, kabla chanjo ya yule daktari Mwingereza, Jenner, haijafika. Alichukua usaha wa mgonjwa, akaukausha kwa moshi, akauweka katikati ya vipande vya kioo, akaufukia ardhini pamoja na kafuri, miaka saba au minane, ili upungue makali. Halafu kwa kisu alichotengeneza mwenyewe akainua ngozi kidogo tu, akaweka chembe, akafunika kwa jani la kabeji. Mchungaji aliyeandika habari zake miaka ya 1790 alisema alichanja maelfu na hakupoteza hata mmoja.

Lako wewe ni lile jiwe la pili, la mzee aliyekufa mwaka 1848. Alienda dukani kununua chumvi ya haluli, ya kusafisha tumbo, akauziwa shura, ile ya kutengenezea baruti. Alikunywa, na baada ya saa chache tu akawa amekufa. Familia ikachonga yote hayo kwenye jiwe, kwamba alikuwa mtu mpole na mtulivu, dawa aliyoomba, dawa aliyopewa, saa alizodumu, kwamba kilichomuua ni ujinga wa muuzaji, na huyo muuzaji jina lake kamili na kijiji anachotoka, na bado linasomeka.