Kifuko cha nyongo kutoboka wakati wa operesheni: na mimi yalinikuta

Dada uliyeuliza kuhusu mamako, kwamba alitolewa kifuko cha nyongo kwa matundu madogo ya tumboni na kamera, bila kupasuliwa pakubwa, karatasi ya kuruhusiwa ikaandikwa "kilitoboka, nyongo ikamwagika", na sasa kaka zako wanataka kumshtaki daktari: hebu ngojeni kwanza. Mimi yalinikuta hayo hayo, hapa hapa Mombasa, na leo asubuhi nimekula mahamri kwa mbaazi.

Tatizo langu lilikuwa limekaa sana. Nilijidanganya ni vidonda vya tumbo huku jioni sibanduki kwenye viazi karai, usiku nashika mbavu za kulia maumivu yakizunguka hadi mgongoni. Altrasaundi ikaonyesha mawe, na kifuko kimevimba. Daktari alinitahadharisha mapema: kifuko cha namna hiyo ni kama papai lililoiva likapitiliza, ukilibonyeza lapasuka. Nacho hakuna namna ya kutokishika. Hubanwa kwa koleo nyembamba, huvutwa, kisha hubanduliwa kwenye ini kidogo kidogo kwa kifaa cha moto wa umeme. Hapo ndipo hutoboka mara nyingi, au mwisho kabisa kinapovutwa nje kwenye katundu ka kitovu.

Nilipozinduka nikaona mpira umetokezea ubavuni, unashusha majimaji kama chai ya rangi. Jioni daktari akaja, akavuta kiti, akasema bila kuzunguka: kilitoboka, nyongo ikamwagika, na vijiwe vitatu vikachomoka. Walivifuata kimoja kimoja, wakaosha tumbo kwa maji ya chumvi mpaka yakatoka meupe. Akanionyesha kichupa: vijiwe tisa vya hudhurungi, vina pembe pembe kama changarawe. Nikamuuliza kama hutokea kwa wengine. Akasema tafiti hutaja kuanzia mmoja mpaka wanne katika kila wagonjwa 10.

Kilichonitesa siku zile, wallahi, ni bega la kulia! Tumbo hujazwa hewa ya kaboni ili kamera ipate nafasi, na kile kiwambo kilicho chini ya mapafu kikisumbuliwa, maumivu husikika begani. Kurudi nyumbani kwa tuktuk nilihesabu kila tuta. Mamako akilalamikia bega, msishtuke. Baada ya siku chache huisha.

Kaka zako nadhani wanachanganya kifuko na mrija wa nyongo. Mrija, ule unaopitisha nyongo kutoka ini hadi utumbo, ndio balaa, kwa sababu hubaki mwilini. Ukikatwa kwa makosa, nyongo huvuja ndani au huzibana kwenye ini. Kifuko kikitoboka, tundu lenyewe linatolewa pamoja nacho.

Cha kuulizia ni mawe. Waulizeni: yalianguka? Yote yaliokotwa? Tumbo lilioshwa? Jiwe likisahaulika, aghalabu hukaa kimya maisha yote, ila mara chache hufanya jipu, chini ya ini au kwenye ukuta wa tumbo, na laweza kuja baada ya miezi, hata miaka. Wakati huo mama atakuwa kwa daktari mwingine, ana homa na uvimbe ubavuni, anapimwa malaria na taifodi mpaka achoke. Ile karatasi mnayotaka kumshtakia daktari ndiyo itakayomwambia huyo wa pili atafute wapi. Mimi ningemwogopa zaidi anayetoboa asiandike.

Kwa sasa mwangalieni: homa, macho kuwa ya manjano, mkojo mweusi kama kahawa, tumbo kuvimba, au maumivu yanayozidi badala ya kupungua. Lolote kati ya hayo, arudishwe siku hiyo hiyo, msingoje tarehe ya kliniki.

Karatasi yangu imo kwenye bahasha ya kaki, pamoja na cheti cha kuzaliwa. Kichupa cha vijiwe mke wangu alikitupa.