Fundi amelipwa, nyumba inavuja

Swali: Shangazi, niko Mamboleo, Kisumu. Fundi aliniwekea mabati mwezi jana nikamlipa 38,000 zote, mvua ya kwanza tu tukalala na masufuria kitandani. Nikipiga simu ni "nakuja kesho mama". Nifanyeje?

Jibu: Pole dada. Ulimaliza kulipa kabla ya mvua, hapo ndo alikuweza. Mtu apande aangalie misumari, kama imepigwa kwenye bonde la bati badala ya mgongo maji lazima yapite, piga picha, fundi mwingine akuandikie gharama ya kurekebisha, alafu mtumie huyo wako meseji umpe siku saba, na usimtukane. Akinyamaza, mahakama ya madai madogo inasikiza kesi hadi shilingi milioni 1 na si lazima uwe na wakili. Meseji za M-Pesa usifute.